AKIBA HAIOZI, LAKINI PANYA HUILA

Mwezi wa Juni kwetu Trans Nzoia ni mwezi wa kungoja. Mahindi mapya yamesimama shambani, lakini bado ni mabichi, na chakula cha nyumbani hutoka ghalani peke yake. Mwezi kama huo mzee mmoja wa skimu yetu alifika katika ofisi ya kilimo kuuliza ni wapi angeweza kununua magunia mawili ya mahindi kwa bei nafuu. Mimi ndimi karani niliyekuwa mezani, na swali lile lilinishangaza, maana nilikumbuka vizuri ya kuwa mwezi wa Desemba mzee huyo alivuna vyema. Aliuza sehemu ya mavuno ili alipe deni la shamba na karo ya watoto, na akaweka magunia kumi kwa chakula cha jamaa yake.

"Mzee," nilimwuliza, "yale magunia kumi yamekwenda wapi?"

"Kijana wangu," alijibu, "sita tumekula sisi. Mengine tumekula pamoja na panya, nao hawakungoja kukaribishwa."

Siku ya pili nilifuatana na Bwana Shamba kwenda kulitazama ghala lake. Nilidhani tutakuta kibanda kibovu, lakini sivyo. Ghala lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoyaona. Lilisimama juu ya miguu sita ya mti mgumu, na kila mguu ulivikwa ngao ya bati. Paa halikuvuja na ukuta haukuwa na tundu. Hatukuona kosa lolote mpaka Bwana Shamba alipoitazama ngazi. Ilikuwa imeegemezwa mlangoni, na mwenyewe alituambia ya kuwa imekaa pale usiku na mchana tangu Januari. Katika kila kidato cha ngazi ile palikuwa na mavi ya panya.

Bwana Shamba aliishika ngazi, akailaza chini, akasema, "Mzee, umejenga boma zuri, kisha ukawawekea daraja."

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ndani yake mna jambo lote ninalotaka kuwaambia wasomaji wetu mwezi huu. Panya hahitaji njia mbili. Moja yamtosha. Mkulima anayeziba njia tano na kuiacha ya sita amepoteza mabati yake na nguvu zake bure. Na kazi ya kumzuia panya asiingie ni rahisi mara nyingi kuliko kazi ya kumtoa akishaingia.

HEBU TUFANYE HESABU

Wako wanaosema, "Panya ni mdogo, atakula nini?" Basi tufanye hesabu kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya shuleni.

Panya mkubwa wa nyumbani ana uzito wa kama gramu 200, naye kwa siku moja hula chakula cha kama sehemu moja katika kumi ya uzito wake, yaani gramu 20. Hicho ni kiganja kidogo tu. Lakini panya ishirini hula gramu 400 kwa siku. Kutoka Januari mpaka mwisho wa Juni ni kama siku 180. Zidisha 400 kwa 180, utapata gramu 72,000, yaani kilo 72. Gunia zima ni kilo 90. Kwa hiyo panya ishirini, ambao mwenye ghala pengine hajapata kuwaona zaidi ya wawili, humaliza karibu gunia zima kabla mahindi mapya hayajakauka.

Na hiyo ni hesabu ya kile kinachoingia tumboni tu. Panya hatoboi gunia moja akalimaliza, bali hutoboa hili, akaonja lile, akamwaga la tatu. Mara nyingi hula kiini cha punje, mahali penye utamu na nguvu ya kuota, akaacha kilichobaki. Ikiwa ni mbegu uliyoiweka kwa kupanda, punje hiyo haitaota hata ukiipa mvua na mbolea. Tena panya mmoja huacha kama vipande arobaini vya mavi kwa siku, na hukojoa kila apitapo. Mahindi yaliyochafuliwa hivyo hayauziki, na hayafai kuliwa na mtu. Yanayoharibika ni mengi kuliko yanayoliwa.

Mkojo huo pia huleta unyevu, na unyevu huleta kuvu. Wakenya tunaijua sumukuvu. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika Ukambani na sehemu za jirani. Hayo hayakuletwa na panya, yaliletwa na mahindi yaliyowekwa kabla hayajakauka. Lakini punje iliyotafunwa na kuloweshwa ni nyumba nzuri ya kuvu hiyo hiyo, basi yafaa tuwe na hadhari.

MJUE ADUI WAKO

Panya wanaotusumbua wakulima ni wa namna tatu, na kila namna ina desturi yake.

Wa kwanza ni panya mkubwa wa nyumbani, mwenye mkia mrefu kupita mwili na masikio makubwa. Huyu ni fundi wa kupanda. Hupanda mti, kamba, ukuta wa fito na nguzo yoyote iliyokwaruza. Asili yake ni Bara Hindi, akaenea duniani kwa vyombo vya baharini. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu, mji wa kale wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, basi si mgeni wa juzi. Mabaharia wanamjua vizuri. Meli inapofungwa gatini, kila kamba huvikwa sahani kubwa ya bati ili panya anayetembea juu ya kamba akute ukuta asioweza kuupita. Ngao tunayoiweka katika mguu wa ghala ni dada wa sahani hiyo ya meli.

Wa pili ni panya mdogo, kipanya. Huyu hula kidogo, kama gramu 3 kwa siku, lakini hupita mahali ambapo hutegemei. Tundu ambalo penseli yaingia, kipanya naye aweza kuingia. Hupenda kujenga tundu lake ndani ya magunia matupu, matambara na vyombo visivyotumika.

Wa tatu ni panya wa shamba. Jike lake lina chuchu nyingi, hata kufika 24, na hiyo yakuonyesha jinsi anavyozaa. Mimba yake ni ya siku 23 hivi, na watoto wa uzazi mmoja mara nyingi hufika kumi au kuzidi. Baada ya miezi michache watoto hao nao huzaa. Huyu hukaa katika nyasi na mabua, na mavuno yakiondoka shambani humfuata mwenye mavuno nyumbani.

Utajuaje ni yupi aliye kwako? Tazama mavi. Ya panya mkubwa yana urefu wa sentimita moja na zaidi, ya kipanya ni kama punje ya mchele. Tena jioni nyunyiza unga mwembamba au jivu sakafuni karibu na ukuta. Asubuhi utasoma nyayo zao kama mtu asomaye barua, na utajua wametoka wapi na wameelekea wapi.

GHALA LENYE MIGUU

Wazee wetu walijenga maghala juu ya miguu au juu ya mawe, na watu wa pwani huweka mahindi yao katika uchaga juu ya moto wa jikoni. Hawakufanya hivyo kwa urembo. Walijua ya kuwa chakula kilichokaa chini ni chakula cha kila mpitaji. Kazi yetu sisi ni kuongeza bati juu ya akili hiyo ya zamani.

Sakafu ya ghala na iwe juu ya ardhi kwa kimo cha mita moja. Panya mkubwa aweza kuruka juu sentimita 60 na zaidi, kwa hiyo ghala la kimo cha goti halimzuii. Katika kila mguu, chini kidogo ya sakafu, piga ngao ya bati ya mviringo, mfano wa mwavuli uliofunguliwa kuelekea chini. Ngao hiyo itokeze sentimita 25 kila upande wa mguu. Ikiwa mguu una unene wa sentimita 12, basi kata duara la bati lenye upana wa sentimita 62, litoboe katikati kwa kiasi cha mguu, likate kutoka ukingoni mpaka kwenye tundu, kisha lizungushe mguuni na kulipigilia. Mahali bati linapogusana na mti pasiwe na nafasi hata kidogo. Ukiacha ufa wa kuingiza kidole, panya atapita katika ufa huo na ngao itabaki kuwa pambo.

Bati si lazima liwe jipya. Kipande kilichobaki ulipoezeka nyumba chatosha, bora kisiwe na kutu wala matundu. Kingo zake zikunje, maana hukata mikono ya watoto.

Ngao ikishakaa, tazama njia nyingine. Tawi la mti lililoinama juu ya paa ni njia. Kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa katika nguzo ya ghala ni njia. Kuni zilizopangwa chini ya sakafu mpaka zikagusa mbao ni njia. Jembe au plau iliyoegemezwa ukutani ni njia. Na ngazi, kama tulivyoona, ni njia kuu. Matawi yakatwe yasifike karibu na paa kwa mita mbili, na chini ya ghala pawe pamefagiliwa, hapana kitu.

Jirani wa yule mzee ni mama mmoja mjane ambaye ghala lake ni la fito, lililosukwa kwa desturi ya zamani na kupakwa udongo. Ngao zake alizikata mwenyewe katika mabati makuukuu. Mahindi yake mwezi wa Juni yalikuwa safi. Tulipomwuliza siri yake, alicheka, akasema, "Ngazi yangu hulala jikoni, kama mimi ninavyolala chumbani. Hakuna usiku mmoja ambao imelala nje." Hana elimu kubwa, wala hakutumia fedha nyingi, lakini ghala lake lilimshinda mwenye mbao na misumari.

WANAOWEKA MAHINDI NDANI YA NYUMBA

Siku hizi wakulima wengi, kwa kuogopa wezi, huweka magunia katika chumba cha nyumba. Hapana ubaya, lakini chumba nacho chataka kutengenezwa.

Kwanza ziba matundu. Usizibe kwa matambara wala udongo mtupu, maana panya huyatoa usiku mmoja. Jaza tundu kwa waya za kusugulia sufuria, kisha juu yake paka saruji. Chini ya mlango piga kipande cha bati chenye kimo cha sentimita 30, na nafasi kati ya mlango na sakafu isipitishe penseli. Tazama pia mahali ambapo ukuta unakutana na paa, kwa kuwa panya mkubwa hupenda kushuka kutoka juu kuliko kupanda kutoka chini.

Pili, magunia yasilale sakafuni wala yasiegemee ukuta. Yapange juu ya mbao, na kati yake na ukuta acha nafasi ya mtu kupita na tochi. Panya hupenda kutembea pembeni, mwili ukigusa ukuta. Ukiijaza pembe hiyo magunia, umempa barabara na nyumba pamoja. Ukiiacha wazi, utamwona, na yeye ajua ya kuwa utamwona.

Tatu, neno kwa wale wanaotumia mifuko mipya isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo ni mizuri sana kwa kuua fukusi bila dawa, kwa sababu wadudu hukosa pumzi. Lakini nguvu yake yote ni katika kuwa mzima. Tundu moja la jino la panya, na hewa imeingia, na fukusi wamefufuka. Basi usidhani ya kuwa mfuko huo ni ngao. Mfuko wenyewe wahitaji ngao. Pipa la bati lenye kifuniko cha kukaza ni tofauti. Hilo panya haliwezi. Ila katika mfuko na katika pipa, mahindi yawe yamekauka sawasawa kabla ya kufungiwa. Njia rahisi ya kupima ni hii: tia punje kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, yarudishe mahindi juani.

MITEGO, NA TABIA YA WOGA

Akishaingia mmoja wawili, tumia mtego. Wengi husema mtego haufai, lakini kosa si la mtego. Wameweka mmoja tu, katikati ya chumba, na wakautega siku ile ile walioununua.

Panya mkubwa ni mwoga wa kitu kipya. Akikuta chombo ambacho jana hakikuwapo, hukizunguka kwa siku kadhaa bila kukigusa. Kwa hiyo weka mitego mingi, sita au zaidi, tia chakula lakini usiitege kwa siku tatu au nne. Mwache ale, azoee, aone ni meza ya baba yake. Kisha usiku mmoja itege yote kwa pamoja. Utashangaa asubuhi.

Kipanya ni kinyume chake. Yeye hupenda kuchungulia kila kitu kipya, na hatembei mbali na tundu lake. Mitego yake iwe karibu karibu, kila baada ya hatua mbili, na itegwe siku ya kwanza.

Mitego yote iwekwe kando ya ukuta, mahali pa chambo pakielekea ukutani. Chambo kizuri ni omena, siagi ya karanga, au kipande cha nazi kilichochomwa. Katika ghala lililojaa mahindi, chambo cha mahindi hakina maana. Nani atatoka karamuni kwenda kuomba?

SUMU NI RAFIKI MKALI

Sumu za panya zinazouzwa siku hizi, nyingi huzuia damu isigande. Panya aliyekula hafi papo hapo bali baada ya siku tatu mpaka saba hivi, na kwa sababu hiyo wenzake hawaunganishi kifo chake na kile chakula. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini sumu inayoua panya yaua pia mbwa, kuku, na mtoto anayetambaa. Basi shika masharti haya.

Nunua katika duka linalojulikana, sumu yenye kibandiko na namba ya kusajiliwa, siyo vijikaratasi vya mchuuzi wa sokoni visivyo na jina. Usitumie kamwe dawa za wadudu wa shambani kwa kuulia panya. Usichanganye sumu katika sufuria ya chakula, na usiiweke karibu na mahindi ya kula. Itie ndani ya kipande cha bomba au sanduku lenye tundu dogo, ambamo panya ataingia na kuku hataingia, kisha ulifunge mahali pake. Vaa mifuko ya plastiki mikononi. Kila asubuhi tafuta panya waliokufa, usiwashike kwa mkono mtupu, uwafukie kwenda chini kiasi cha goti.

Mtoto akila sumu, usingoje kuona dalili, maana dalili huchelewa. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue pakiti ya sumu hiyo ili daktari ajue ni dawa gani ya kumpa.

PAKA NA BUNDI

Paka ni mlinzi mzuri wa ghala ambalo bado ni safi. Ghala lililokwisha kujaa panya humshinda, kwa kuwa wao huzaa upesi kuliko yeye anavyokula. Mpe chakula chake kidogo kila siku ili asihame. Paka mwenye njaa sana huenda kuwinda kwa jirani.

Na bundi je? Najua wengi wetu tulilelewa tukiambiwa ya kuwa bundi akilia juu ya paa, kuna msiba. Ukweli ni kwamba bundi akilia juu ya paa, kuna panya. Hula kadhaa kwa usiku mmoja na hadai mshahara. Usimtupie mawe. Na hii ni sababu nyingine ya kutotapanya sumu ovyo, kwa maana bundi aliyekula panya mwenye sumu naye hufa.

VYOMBO VINAVYONGOJA MSIMU

Panya haharibu chakula tu. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, na asipoyasugua yatamzidi, kwa hiyo hutafuna hata kisicholiwa. Plau, bomba la kunyunyizia dawa, mashine ya kupukuchua, hata trekta ya kikundi, vyote hukaa miezi mingi bila kazi, na kitu kisichoguswa ndicho kipanya anachokipenda. Nimeona kikundi kimoja ambacho mvua za Machi ziliwakuta trekta yao haiwaki, nyaya zimetafunwa, na ndani ya kiti mna watoto wa panya waliozaliwa juzi. Siku nane zilipita kabla ya fundi kufika, na siku nane za mwanzo wa mvua ni mali.

Kabla ya kukiweka chombo, kifagie na kukiosha. Mabaki ya punje katika mashine ya kupukuchua ni mwaliko. Toa matambara, nyasi na magunia yaliyosahauliwa chini ya kiti. Mipira ya bomba itungike kwa waya mwembamba kutoka darini. Ngozi na kamba za nira zitie ndani ya pipa la bati. Magunia matupu yakung'utwe, yaanikwe juani, yafungwe na kutungikwa, yasilundikwe pembeni. Tena kila baada ya wiki mbili fungua, sogeza, chungulia. Kipanya hapendi nyumba inayotikiswa.

AFYA YA JAMAA YAKO

Panya huuma na kupuliza, wasema wahenga, lakini madhara mengine huyaleta bila hata kuuma. Mwaka wa 1902 tauni, ugonjwa unaoletwa na viroboto vya panya, ilizuka Nairobi, na soko la Wahindi likachomwa moto ili kuuzuia. Ugonjwa huo haujakwisha duniani. Kadhalika kuna homa inayoletwa na mkojo wa panya na wa wanyama wengine, ambayo huingia mwilini kwa njia ya maji machafu na vidonda. Mwaka wa 2022 homa hiyo iliua watu watatu mkoani Lindi, Tanzania, na huko iliitwa homa ya Mgunda.

Kwa hiyo unaposafisha ghala lililokuwa na panya, usifagie mavi makavu, maana vumbi lake litaingia puani. Nyunyiza kwanza maji yenye dawa ya klorini, ngoja kidogo, kisha uyaondoe. Funika pua kwa kitambaa, vaa viatu vya mpira, na unawe kwa sabuni ukimaliza. Chakula kilichotafunwa na panya asipewe mtoto, hata kama mwaka ni mgumu.

KAZI YA KILA MWEZI

Kwa sehemu zetu zinazovuna kuanzia Oktoba, huu ndio utaratibu. Wengine walioko Kinangop, Lugari, Shimba Hills au Mpeketoni wahesabu kutoka mwezi wao wa mavuno.

Agosti: Kula au uza mahindi ya zamani yamalizike. Usichanganye ya zamani na mapya.

Septemba: Toa kila kitu ghalani, safisha, ziba matundu, kaza ngao, kata matawi. Tega mitego ghala likiwa tupu, wakati panya wana njaa.

Oktoba na Novemba: Fyeka nyasi kwa mita tatu kuzunguka ghala kabla ya kuleta mahindi. Usiyaache yaliyovunwa yakae chini shambani kwa majuma mengi.

Desemba mpaka Februari: Pukuchua, kausha, pima, funga. Mabua yaliyobaki yape ng'ombe au yafanye mbolea mbali na boma.

Kila juma: Tembea kuzunguka ghala na tochi. Dakika kumi zatosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na jambo hili fanyeni pamoja. Panya hajui mpaka wa shamba. Ukisafisha wewe peke yako, wa jirani watakuja kwako kabla ya mwezi kwisha. Wajumbe wa kikundi na wazee wa kijiji wachague juma moja la Septemba ambalo kila boma litafyeka na kutega kwa wakati mmoja. Husemwa kuwa panya wengi hawachimbi shimo, lakini wakulima wengi hulifukia.

Yule mzee wa ngazi alirudi ofisini kwetu mwezi wa Juni wa mwaka uliofuata. Nilipomwona mlangoni nilisikitika, nikadhani ni yale yale. Akaketi, akavua kofia, akaniuliza gunia la mahindi lauzwa bei gani mjini. Nikamwambia bei imepanda, kununua sasa ni shida.

"Sikuja kununua, kijana wangu," akasema. "Nina magunia mawili yaliyozidi. Nataka kuuza."

Nikamwuliza ngazi iko wapi siku hizi. Akasema imetungikwa jikoni kwa misumari miwili, na mjukuu wake mdogo ndiye mwenye kazi ya kuitungika kila jioni kabla ya chakula.

Nawe msomaji, jioni hii kabla hujalala, toka nje kidogo uitazame ngazi yako iko wapi.